Baiskeli ya Gea Nyingi Kuifanya ya Gea Moja, na Meno Mangapi Yafaa kwa Gunia la Karafuu



Katika miezi hii ya kungojea kuchuma tumeletewa ofisini maswali ya baiskeli mengi kuliko ya karafuu zenyewe, wala hatuoni ajabu. Gari haliingii katika vijia vya mashambani, na pikipiki yataka petroli kila siku. Kwa hiyo gunia la kutoka jamvini mpaka barabarani, na kwa wengi wetu mpaka kituo cha kununulia, bado huchukuliwa kwa baiskeli. Na baiskeli zinazopatikana kwa urahisi sasa ni zile zilizokwisha tumika Ulaya na Japani, ambazo huja katika makontena, nyingi zikiwa na gea 18 au 21.

Baiskeli hizi zikifika huwa nzuri kutazama, na fremu zake nyingi ni imara. Lakini ule utaratibu wa gea hauwezi hewa ya kwetu. Waya zake huliwa na kutu kwa chumvi. Mkono wa gea, yaani kile chuma kinachoning'inia chini ya ekseli ya nyuma chenye vigurudumu viwili vidogo, hunasa vijiti njiani ukapinda, na siku moja huingia katika spoki ukavunja gurudumu zima. Mwenyewe huenda dukani kutafuta mwingine, akaambiwa unaolingana na wake haupo. Basi baiskeli huegemezwa ukutani, ikawa pa kulala kuku.

Tunataka kueleza hapa jinsi baiskeli ya namna hiyo inavyoweza kufanywa ya gea moja, ikatumia vipuri vile vile vya baiskeli za kawaida za Kihindi na Kichina ambavyo kila fundi anavyo. Kazi yenyewe si kubwa. Jambo ambalo watu wengi hukosea, nasi tulikosea, ni kuchagua meno. Kwa hiyo tutaanza na hilo.

Kila baiskeli ina gurudumu la meno mbele, lililoshikana na krenki za pedeli, na jingine dogo nyuma, lililo juu ya friwili. Hesabu meno ya mbele, gawa kwa meno ya nyuma, utapata gurudumu la nyuma linazunguka mara ngapi kwa mzunguko mmoja wa pedeli. Kisha zidisha kwa kipenyo cha gurudumu kwa inchi. Baiskeli kubwa ya kizamani yenye gurudumu la inchi 28, meno 44 mbele na 18 nyuma, hesabu yake ni inchi 68. Ukitaka kujua baiskeli inakwenda umbali gani kwa mzunguko mmoja wa pedeli, zidisha inchi hizo kwa 0.08, utapata mita: karibu mita 5 na nusu.

Asiyependa hesabu ana njia nyingine, nayo ni sahihi kabisa. Weka pedeli moja chini, piga alama ya chaki ardhini penye ekseli ya nyuma, kisha vuta baiskeli mbele polepole ukizungusha pedeli kwa mkono mpaka irudi pale pale chini. Piga alama ya pili, upime kati ya alama mbili hizo. Ikiwa ni pima tatu, hiyo ni gea ya barabara tambarare na mtu asiye na mzigo. Ikiwa ni pima mbili na kidogo, hiyo ni gea ya mzigo.

Kwa nini tofauti ya pima moja iwe kubwa hivyo? Tazama mfano huu. Mtu wa kilo 60, baiskeli ya kilo 18, na gunia la kilo 50 juu ya keria; jumla ni kilo 128. Akipanda mlima unaoinuka mita 7 katika kila mita 100, nayo milima ya namna hiyo imejaa kati ya mabonde yetu ya mpunga na vilima vya karafuu, ni kama kuna uzito wa kilo 9 unaomvuta nyuma, mbali na mchanga na upepo. Krenki ya sentimita 17 huifanya pedeli kwenda mduara wa mita 1.07. Kwa gea ya mita 5 na nusu, baiskeli inakwenda mara 5 zaidi ya mguu, kwa hiyo mguu hulipa mara 5: kilo 46 kwa wastani. Lakini mguu hausukumi sawasawa mduara mzima, pedeli ikiwa juu kabisa au chini kabisa haufanyi kazi yoyote ya maana. Kwa hiyo pale pedeli inapolala mbele, mguu hutakiwa kutoa zaidi ya kilo 70. Mtu wa kilo 60 hata akisimama kwa mguu mmoja juu ya pedeli hazipati kilo hizo, ila avute usukani kwa mikono. Ndiyo sababu mnawaona vijana wetu wamesimama juu ya pedeli, wanayumba huku na huku, na mwisho wanashuka.

Sasa chukua baiskeli ya gurudumu la inchi 26, meno 34 mbele na 18 nyuma. Hiyo ni inchi 49, yaani mita 3.9. Mlima ni ule ule na gunia ni lile lile, lakini mguu hutakiwa kilo 33 kwa wastani, na pale penye uzito zaidi kama kilo 52. Mtu huyo huyo anaweza kupanda akiwa amekaa kitini. Hakuna kilichoongezwa ila meno yamehesabiwa.

Vijana watasema kwamba gea hiyo haina mbio. Ni kweli, lakini si kwa kiasi wanachodhani. Mtu akizungusha pedeli mara 60 kwa dakika, mwendo ambao hauchoshi, gea ya mita 3.9 humpeleka kilomita 14 kwa saa, na ile ya mita 5 na nusu karibu kilomita 20. Mwenye gunia nyuma yake katika njia ya mashimo hana haja ya kilomita 20. Mzee mmoja mwanachama wetu alipoulizwa na fundi anataka gea gani, alijibu, "Mwanangu, mimi siendi kushindana. Nataka ile itakayonifikisha kituoni gunia likiwa kavu."

Kwa hiyo shauri letu kwa gurudumu la inchi 26 ni hili. Mwenye kuchukua gunia zima katika vilima na achague meno 34 kwa 18, au 38 kwa 20, ambayo ni karibu sawa. Mwenye kuchukua nusu gunia, au ambaye njia yake nyingi ni ya lami, anaweza kwenda 38 kwa 18, mita 4.4. Ile ya 42 kwa 18, mita 4.8, ni ya kwendea mjini na skuli. Na 42 kwa 16, ambayo baadhi ya mafundi huipenda sana, hufika mita 5.4, karibu sawa na baiskeli kubwa ya kizamani. Hatuitaki kwa mzigo hata kidogo. Wala usichague gea kwa ajili ya mlima mmoja mkali kuliko yote, ambao kila mtu huukokota. Ukifanya hivyo utakuwa unazungusha miguu bure njia nzima. Chagua kwa mlima unaoupanda kila siku na mzigo.

Ukiwa na njia mbili za kupata gea ile ile, chukua ile yenye meno mengi. Meno 38 kwa 20 na meno 30 kwa 16 ni mwendo mmoja, lakini penye meno mengi mnyororo huvutwa kwa nguvu ndogo zaidi na kila jino hupata kazi ndogo, hivyo vyote hudumu.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Kabla hujafungua nati yoyote, tazama midomo ya fremu ambamo ekseli ya nyuma hukaa. Ikiwa midomo imelala, hata gurudumu laweza kusogezwa nyuma na mbele, una bahati, kwani mnyororo utakazwa kwa kuvuta gurudumu. Ikiwa midomo imesimama, gurudumu halina nafasi ya kusogea, na hapo hapana budi kutafuta njia nyingine ya kuukaza. Njia iliyo nyepesi ni kuutumia ule ule mkono wa gea, kama haujavunjika: toa waya wake, kaza skrubu zake ndogo mbili mpaka vigurudumu vyake vikae sawa chini ya meno uliyoyachagua, usiweze tena kwenda kushoto wala kulia. Haupendezi, lakini hufanya kazi. Njia nyingine ni kujaribu meno mbalimbali mpaka mnyororo ukae wenyewe. Jino moja likiongezwa mbele au nyuma ni sawa na kusogeza gurudumu kama milimita 3, kwa hiyo mara nyingi jino moja tu hutosha kuukaza mnyororo uliolegea.

Kisha toa vitu visivyohitajiwa: waya za gea, vibadilishio vya mkononi, na kile chuma cha mbele kinachosukuma mnyororo. Waya za breki usiziguse. Hili tunalisema kwa sababu tumeona baiskeli mbili ambazo mwenyewe, katika kufurahia kupunguza waya, alipunguza na breki ya nyuma. Mtu na gunia wakiteremka kuelekea bandarini Mkoani wanahitaji breki zote mbili, tena na viatu vyake vipya.

Mbele mara nyingi utakuta magurudumu matatu ya meno. Acha moja, kwa kawaida la katikati, ambalo huwa na meno 34 au 38 au karibu na hapo. Bolti zilizokuwa zikishika magurudumu mawili huwa ndefu mno kwa moja. Tia washa au tafuta bolti fupi, kwani zikilegea hutoa sauti kwanza na kuvunjika baadaye.

Nyuma kuna namna mbili, nayo ni lazima uijue yako. Katika baiskeli nyingi za zamani na za bei nafuu, meno yote pamoja na friwili yake huwa kitu kimoja kilichofungwa kwa nyuzi juu ya habu. Kitu hicho hufunguka kwa kifungulio chake, kwa kuzungusha kinyume cha saa, na mahali pake hufungwa friwili ya meno mamoja, ambayo nyuzi zake kwa habu nyingi ni sawa sawa. Katika baiskeli mpya zaidi, friwili ni sehemu ya habu yenyewe na meno huchomekwa juu yake kama pete, hii huitwa kaseti. Hapo huondolewa pete zote, hurudishwa moja tu, na nafasi iliyobaki hujazwa kwa pete za kutenganishia, au kwa vipande vya bomba la maji la plastiki vilivyokatwa sawasawa.

Hapa ndipo tulipopata ajali yetu, nasi twaisimulia ili wengine wasiirudie. Tulikuwa na baiskeli ya kaseti, tukachagua mbele meno 42, na nyuma tukarudisha pete moja ya meno 16 iliyotoka katika kaseti ile ile kuukuu. Tulidhani tumefanya akiba. Hatukujua kwamba meno ya kaseti hufupishwa na kukatwa pembeni makusudi kiwandani, ili mnyororo uruke upesi kutoka pete hii kwenda ile. Kinachofaa kwa gea nyingi ni ubaya kwa gea moja. Tena mnyororo tuliuacha umelegea. Siku moja baada ya mvua tulikuwa tunapanda kutoka bondeni na gunia, gea nzito, tumesimama juu ya pedeli kwa uzito wetu wote, mnyororo ukaruka. Mguu ulishuka bila kukuta kitu, tukaanguka upande, na gunia likaingia mtaroni likapasuka. Goti lilipona baada ya wiki mbili. Karafuu zilianikwa upya siku tatu, rangi haikurudi, zikapokewa kwa daraja la chini. Ile pete ya meno haikugharimu kitu siku ile tulipoifunga. Hesabu ya hasara tumeiweka katika daftari letu la nyumbani na hatuitaji hapa.

Kwa kaseti, basi, tafuta pete iliyotengenezwa kwa gea moja, yenye meno marefu na nene. Ikiwa haipatikani, ni afadhali kulibadili gurudumu zima la nyuma, ukafunga lenye friwili ya kawaida.

Jambo la pili ni mnyororo kwenda msitari mmoja. Simama nyuma ya baiskeli, inama, utazame kwa jicho moja: mnyororo wapaswa kutoka meno ya nyuma mpaka ya mbele bila kupinda. Friwili ya meno mamoja ikifungwa juu ya habu ya gea nyingi hukaa ndani mno, karibu na spoki. Dawa yake ni kuhamisha washa za ekseli kutoka upande wa kulia kwenda kushoto, hata habu isogee kulia, halafu kukaza na kulegeza spoki mpaka rimu irudi katikati ya fremu. Ni kazi ya fundi mwenye subira, na ujira wake si bure. Lakini ina faida ambayo wengi hawaijui. Gurudumu la gea nyingi huwa na spoki za kulia zilizokazwa sana na za kushoto zilizolegea, kwa sababu habu imesukumwa upande ili kupisha yale meno yote. Habu ikirudi karibu na katikati, spoki za pande mbili hushirikiana mzigo karibu sawa, na gurudumu huwa na nguvu zaidi chini ya gunia kuliko lilivyokuwa lilipotoka kiwandani.

Ama mnyororo wenyewe, kila pini na pini ni nusu inchi, kwa baiskeli zote hizi. Tofauti ni upana. Ule wa gea nyingi ni mwembamba, wa gea moja ni mpana. Mnyororo mpana hukaa juu ya meno membamba bila taabu, lakini mnyororo mwembamba haukubali kukaa juu ya meno mapana. Kwa hiyo nunua mpana. Ukitaka kujua kama mnyororo ulionao umekwisha, pima pini 24 kwa rula, zapaswa kuwa inchi 12 kamili. Zikizidi kwa sehemu ya 16 ya inchi, badili mnyororo. Zikizidi kwa sehemu ya 8, jua kwamba na meno yameliwa pia, na mnyororo mpya juu ya meno yaliyoliwa utaruka siku ya kwanza. Ukaze mpaka katikati yake upande wa chini ucheze kama sentimita moja juu na moja chini, usizidi hapo wala usiwe kama uzi wa gambusi.

Limebaki neno moja kwa wale wenye baiskeli za Kiingereza za zamani, zenye gea tatu ndani ya habu. Wazee wengi bado wanazo. Habu nyingi za namna hii zilitoka kiwanda cha Sturmey-Archer cha Nottingham, kilichoanza mwaka 1902, na ile maarufu iitwayo AW ilianza mwaka 1936. Gea yake ya kati ni sawa na baiskeli ya kawaida, ya chini hupunguza robo, na ya juu huongeza theluthi. Wengi waya umekatika zamani, nao wanadhani baiskeli yao imekuwa ya gea moja ya kawaida. Sivyo. Habu hii waya ukikatika hukaa katika gea ya juu. Mwenye meno 46 kwa 18 na gurudumu la inchi 28 anasukuma mita 7.6 kwa mzunguko mmoja, zaidi ya pima nne, na anadhani ni uzee unaomchosha.

Baiskeli hiyo haihitaji friwili mpya wala kazi ya spoki. Penye ncha ya kulia ya ekseli ya nyuma hutoka kijinyororo kidogo chembamba. Kivute mpaka mwisho wake, habu itaingia gea ya chini. Kisha kifunge hapo kwa waya mpya wa chuma kwenye kishikizo kilichobanwa barabara juu ya fremu. Sasa baiskeli hiyo inakwenda mita 4.3, nayo yafaa kwa gunia. Waya huo na ukaguliwe kila wiki, kwa sababu ukilegea kidogo tu habu yaweza kupita mahali kati ya gea ya pili na ya tatu ambapo pedeli huzunguka bila kushika kitu, na mpandaji akiwa amesimama huanguka mbele.

Kifungulio cha friwili, cha kaseti, na chombo cha kutolea pini za mnyororo vipo ofisini, vimenunuliwa kwa fedha za chama. Huazimwa mwanachama kwa kutia sahihi daftarini, kwa siku mbili, na hurudishwa vikiwa vimefutwa na kutiwa grisi. Asiyejua aina ya habu yake na aje na gurudumu la nyuma peke yake siku ya mkutano, asubuhi kabla ya hesabu za magunia hazijaanza, tutalitazama pamoja na kuhesabu meno.

Katibu